Kilio Huanza Mfiwa

Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, mashariki mwa Kongo, wiki mbili tatu baada ya Goma kuanguka. Siku hizo rafiki yangu mmoja, mtu wa huko, alikuwa kazini kama kawaida hapa Umbilo, mtaa wa Durban unaoshuka kutoka kilima cha chuo kikuu hadi kwenye viwanda na reli ya bandarini. Kazi yake ni kulinda magari mbele ya maduka. Anavaa kizibao kinachong'aa, anamwonyesha dereva nafasi, anaiangalia gari mpaka mwenyewe arudi, kisha anangoja sarafu. Simu ikatetemeka mfukoni. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo palikuwa na ujumbe wa sauti: dada yake mkubwa, aliyewalea wote baada ya mama yao kufa, amefariki njiani akikimbilia Uvira. Akausikiliza mpaka mwisho, akairudisha simu mfukoni. Bibi mmoja alikuwa anahangaika kutoa gari kinyumenyume kati ya nguzo mbili. Akaenda kumwelekeza kwa mikono, kushoto, kushoto kidogo, basi, akapokea randi tano na kumshukuru kwa tabasamu.

Jioni alinieleza kilichomtisha, nacho hakikuwa kifo chenyewe. "Mukubwa, sisikie kitu. Niko tu." Alikuwa ameshinda mchana kutwa akiungoja uchungu, na uchungu haukuja. Akajaribu kuuita: akakumbuka sauti ya dada, akakumbuka mikono yake ikisonga bukari, ugali wa kwao. Wapi. Akaanza kujiuliza kama yeye bado ni mtu.

Ukisimulia habari hii barazani utapewa majibu mawili. La kwanza husemwa usoni: jikaze, ndiyo uanaume, machozi yana wakati wake. La pili husemwa ukishaondoka: huyo amekaa mno ugenini, roho imekuwa ngumu. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini msingi wao ni mmoja. Yote mawili yanachukulia kwamba hisia ni mali ya mtu peke yake, zimo kifuani mwake, na zikikosekana basi zimeharibikia humohumo. Mimi nadhani tunapekua mahali pasipo penyewe. Mtu akisema hahisi kitu, afadhali tuache kifua chake kwanza tuangalie pembeni yake: ni nani amemzunguka, na ni nani kati ya hao anayemtazama usoni.

Wa kutuonyesha hilo ni majirani zetu wa juu ya mapaa. Umbilo ina tumbili wengi. Asubuhi wanateremka mitini, wanapita juu ya kuta, wanafunua mapipa ya taka, na dirisha likiachwa wazi mkate umekwenda. Wapo wakazi wanaowawekea ndizi, na wapo wanaowalenga kwa bunduki za upepo. Ni tumbili walewale wa Amboseli, Kenya, ambako mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walifanya jaribio la werevu. Walirekodi mayowe ya watoto wa tumbili na kuficha spika kichakani. Wakangoja mpaka akina mama watatu wamekaa karibu karibu na watoto hawaonekani, halafu wakayapiga mayowe ya mtoto wa mmoja wao. Mama mwenye mtoto aligeuka kutazama kichaka, kama ambavyo yeyote angetarajia. Ajabu ilikuwa kwa wale wawili wengine. Wao walimtazama yule mama.

Hofu ya mama, basi, haikuwa siri ya mwili wake. Majirani walijua ni zamu ya nani kuogopa, wakamgeukia wamsome. Hapo ndipo ninapoona kazi ya hisia kwa kiumbe anayeishi na wenzake. Anayeishi peke yake anahitaji hofu, njaa na hasira ya kulinda windo lake, na zinamtosha. Lakini chui ataona aibu kwa lipi, na mbele ya nani? Haya, majuto, wivu, huruma, shukrani, uchungu wa msiba, zote hizi hazina kazi mpaka awepo mtu wa pili. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, aliona kwamba uso kuiva kwa haya ni alama ya kibinadamu kuliko zote. Hatuwezi kuizuia, na ukiondoa kuonwa na wengine, haina faida. Machozi nayo ni vivyo hivyo. Yanamzibia macho anayelia saa ileile anayohitaji kuona, lakini aliye ng'ambo ya barabara anayaona.

Wahenga waliliweka kwa ufupi: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwa kawaida twaitumia methali hii kumsuta anayetaka wengine wamshughulikie kabla hajajishughulikia mwenyewe. Ila inaeleza pia mwendo wenyewe wa msiba. Mfiwa hupiga ukelele, ukelele huleta watu, na watu wakishafika ndipo kilio hupata sauti nyingi, hupata umbo, na hatimaye hupata mwisho. Methali haikuuliza mfiwa afanyeje akiwa mahali ambapo akianza hakuna wa kuingia. Haikuwa na haja ya kuuliza, maana ilitungwa kijijini.

Waliokutana na swali hilo ni watu wa hospitali. Uingereza, katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili, wodi nyingi ziliwabana wazazi wasiwatembelee watoto wao ila kwa saa chache. James Robertson, aliyefanya kazi na daktari wa akili John Bowlby, alikaa wodini akitazama, na mwaka 1952 alitoa filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa kwa siku 8. Yeye na Bowlby walieleza hatua tatu. Mtoto aliyetengwa na mama huanza kwa kulia na kugoma. Kisha hunyong'onyea. Utengano ukirefuka, hutulia: anakula, anacheza, anamchekea kila muuguzi. Wauguzi walifurahi, wakasema sasa amezoea. Siku mama alipokuja, mtoto alimtazama kama mpita njia.

Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi nao London, alihamia Uganda mwaka 1954 na kuwafuatilia watoto wachanga 28 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa kwenda mbali, akageuka kumwangalia mama, akaendelea, akarudi kumgusa, akaondoka tena. Ujasiri wake wote uliegemea uso mmoja. Baadaye, Marekani, alikuta watoto ambao mama akitoka chumbani hawalii, na akirudi hawamjali. Wangeitwa watoto wasio na shida. Mwaka 1977 Alan Sroufe na Everett Waters walipopima mapigo ya mioyo ya watoto wa namna hiyo, walikuta mioyo inakwenda mbio. Uso ulikuwa umenyamaza na mwili haujanyamaza. Kumbe utulivu ule ni kazi, tena kazi ngumu, na anayeifanya hana habari kwamba yuko kazini.

Ya watu wazima hayako mbali na hayo. Nathan DeWall na Roy Baumeister walichapisha mwaka 2006 majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo Marekani. Baadhi ya wanafunzi waliambiwa, kwa uongo wa jaribio, kwamba majibu yao yanaonyesha wataishia maisha ya upweke. Ungetegemea walie au wakasirike. Badala yake walipoa. Mwili ulivumilia maumivu zaidi kuliko ule wa wenzao, na huruma yao kwa wengine ikapungua. Ni jaribio la chumbani, na wanafunzi wa chuo si dunia nzima, lakini lilinirudisha kwa rafiki yangu. Yeye hakuambiwa kwa uongo.

Afrika Kusini haiwaweki wakimbizi kambini. Chini ya sheria ya 1998 mtu anaomba hifadhi, anapewa karatasi, anaingia mjini kujitafutia. Ni uhuru wa kweli, na waliopitia kambi wanaujua uzito wake. Lakini karatasi ya mwombaji huisha kila baada ya miezi, ikabidi kuhuishwa, na wapo walioihuisha kwa zaidi ya miaka kumi. Mwenye karatasi hiyo, awe alikuwa mwalimu au fundi kwao, mara nyingi huishia kwenye kizibao cha mlinzi wa magari. Hana mshahara, na mahali pengi hulipa yeye ada ya kila siku ili aruhusiwe kusimama pale. Riziki yake imo katika uso wake. Akionekana mwenye huzuni, madereva wanapandisha vioo. Akionekana mwenye hasira, wanamwogopa. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1983 juu ya wahudumu wa ndege wanaolipwa kwa tabasamu, na jinsi mtu anayeuza hisia zake kila siku anavyoanza kutozitambua akiwa nyumbani. Wahudumu wale walikuwa na mshahara na chama cha wafanyakazi.

Ongeza na hofu. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yaliua watu zaidi ya 60 nchini. Aprili 2015 yalianzia Durban hii hii, na maelfu wakalala kwenye mahema viwanjani. Aliyeyaona hayo hujifunza kutembea bila kusomeka: asicheke kwa sauti, asiongee Kiswahili kwenye simu ndani ya teksi, asigombane dukani hata akipunjwa chenji. Tumbili wa Amboseli walimgeukia mama mwenye kilio. Huyu ametumia miaka akijizoeza asigeukiwe na mtu. Siku ya msiba ilipofika, kilichokuwa kimemlinda barabarani kikamfuata mpaka kitandani.

Sisemi ganzi ni adui. Umbilo ina hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa jina la King Edward VIII, ambayo sasa imepewa jina la Victoria Mxenge, muuguzi aliyegeuka wakili wa wapinga ubaguzi na kuuawa Umlazi mwaka 1985. Katika hospitali yoyote ya mji kama huu, muuguzi wa zamu ya Jumamosi usiku akimlilia kila aliyechomwa kisu, wa tano atamfia mkononi. Ganzi yake inaokoa watu. Lakini zamu ikiisha ana chumba cha chai, ana wenzake waliouona usiku uleule, ana ule mzaha mchungu ambao sisi wengine tukiusikia tutashtuka. Hapo anaivua. Mlinzi wa magari anaivulia wapi? Tofauti kati ya ganzi inayofaa na inayoua ni kuwepo kwa mahali pa kuivulia.

Mimi ni mtu wa Kigoma, na kwetu habari za nyani na sokwe zinasimuliwa kama za majirani. Huko Gombe, mwaka 1972, sokwe mzee aliyepewa na Jane Goodall jina la Flo alikufa kando ya kijito. Mwanawe Flint, aliyekuwa na umri wa miaka minane na kitu, alikuwa hajawahi kumwacha mama. Akajitenga na wenzake, akaacha kula, akazidi kudhoofu, na mwezi haukuisha naye akafa. Watu huisimulia kama hadithi ya upendo mkubwa. Mimi naiona zaidi kama hadithi ya kiumbe aliyekuwa na uso mmoja tu wa kuegemea.

Iweke karibu na habari nyingine, ya Okavango, Botswana. Anne Engh, pamoja na Cheney na Seyfarth, walichunguza nyani majike waliofiwa na ndugu wa karibu kwa kuliwa na wanyama. Kinyesi chao kilionyesha homoni za msongo zimepanda kwa wiki kadhaa, halafu zikashuka. Zilipokuwa zinashuka, wafiwa walikuwa wameongeza idadi ya wenzao wanaochambuana nao manyoya. Mmoja wao, Sylvia, alikuwa jike wa cheo cha juu na mbabe ambaye wadogo walimkimbia. Binti yake Sierra, aliyekuwa karibu rafiki yake pekee, aliuawa na simba. Katika matanga hayo Sylvia alianza kuwafuata majike wa chini, wale ambao zamani asingewatupia jicho, akitaka kuchambuana nao. Uchungu ulimshusha cheo, ukampeleka kwa watu, kama naruhusiwa kuwaita hivyo. Naona ndiyo kazi yake. Maumivu ya kuondokewa yapo ili yatusukume kwa waliobaki, na yakikosa waliobaki, yanageuka kuwa kimya.

Watu wa kwao rafiki yangu walifanya matanga ya dada yake Jumamosi, katika fleti ya vyumba viwili karibu na Umbilo Road. Vitanda vilisimamishwa ukutani, viatu vikapangwa ukumbini mpaka kwenye ngazi. Akina mama walipika bukari na sombe kwa zamu, jiko likiwa dogo. Mezani palikuwa na daftari la mchango: jina, kiasi, sahihi. Mlinzi wa jengo alishapanda mara moja kusema mwisho wa kelele ni saa nne. Rafiki yangu alikaa chini ya picha ya dada yake, akapokea mikono na pole, uso wake ukiwa uleule wa kazini.

Katibu wa chama cha mchango akasimama kusoma daftari. Alipofika kwenye jina la marehemu, akalikosea. Kosa dogo, silabi moja. Rafiki yangu akainuka kama aliyechomwa. "Hata jina yake hamuijue! Munakuja kula tu!" Sahani ikaanguka. Vijana wakamshika mabega, katibu akaanza kuomba radhi, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, hakuonekana kushtuka. "Mumuache," alisema. "Amerudia." Yaani, amerudi.

Mama yule alikuwa sahihi kuliko sisi wote tuliokuwa tunatafuta maji ya kumpa. Bowlby aliandika kwamba watoto waliokwisha kupoa, wakirudishwa nyumbani, hawaanzi kwa kukumbatia. Kwanza hukaa mbali. Halafu hulipuka: humpiga mama, humng'ang'ania, humkasirikia kwa jambo la kijiko. Hasira hutangulia kwa sababu ni hisia inayomtaka mtu wa pili bila kukiri kwamba inamtaka. Na rafiki yangu aliipata hapo kwa sababu hapo palikuwa na watu wa kuwakasirikia, watu ambao angeweza kuwatukana na kesho yake wakamletea chakula kilichobaki. Dereva wa kwenye maegesho hawezi kukasirikiwa hivyo. Kulia alilia baadaye, mimi sikuwepo.

Durban imewahi kuwaona wafiwa wa namna hii. Ng'ambo ya bandari kuna Bluff, ambako kuanzia mwaka 1873 waliletwa watu waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini mji uliwaita Wazanzibari. Hakuna aliyekuja na ukoo kamili. Walitumikishwa kwa mikataba, kisha wakajikusanya King's Rest, wakasali pamoja, wakazikana, wakawalea watoto kwa Kimakua na Kiswahili. Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwang'oa na kuwapeleka Chatsworth, na mpaka leo bado ni jamii inayojijua. Waliishinda hasara ile kwa kuhakikisha kila mmoja ana wa kumjua jina.

Vyama vyetu vya mchango vinadharauliwa na wasomi wetu. Wanavisema ni bima ya maskini, ni randi hamsini hamsini za kusafirishia maiti. Hesabu hiyo ni ya kweli lakini ni nusu. Daftari lile hukusanya pia nyuso, na nyuso ndizo zilizokosekana siku ya ujumbe wa sauti. Kasoro ya vyama hivi ni kwamba vinangoja kifo. Kwa miezi mfululizo watu wa kwetu hupitana Umbilo Road kwa salamu ya mbali, kila mmoja na kizibao chake, mpaka afe mtu. Mwenye uchungu usio na maiti, aliyekataliwa karatasi, aliyeachwa na mke, au asiyehisi tena kitu, hana siku yake kwenye kalenda.

Nimependekeza tukutane Jumapili moja kila mwezi bila msiba, tule, tugombane, tujifunze majina ya ndugu wa kila mmoja wangali hai. Wengine wamesema ni gharama bure. Mwenye kudhani hivyo ajiulize, siku simu yake itakapotetemeka mfukoni akiwa kazini, ni nani kwenye maegesho atakayegeuka kumtazama.